Kolone Ndefu au Kolone Fupi

Mujinga mwanangu,

Mama yako ananicheka tangu asubuhi. Anasema barua huandikiwa mtoto anayepanda ndege, si mtoto anayekwenda Kasumbalesa, pale mpakani, mahali ambapo mtu wa Lubumbashi anaweza kwenda asubuhi, akanunua mafuta na sabuni, akarudi kula bukari ya jioni. Ni kweli. Lakini wewe huendi kununua sabuni. Kesho unahama, unaanza kazi, na utalala katika nyumba ambayo ufunguo wake mimi sina. Kwa hiyo naandika. Mambo ya blanketi, makala ya kupikia, chandarua na watu wa kutowafungulia mlango, mama yako ameshayasema, na atayarudia kesho mpaka basi liondoke. Mimi nina jambo moja tu, nalo ni kolone, lile bomba la mashine ya maabara.

Usicheke, kwa maana kuna kitu hukijui. Jana, ulipokuwa mtaa wa Kenya kuwaaga shangazi zako, chef wako mpya wa kazi alinipigia simu. Unajua kwamba papa Ilunga na mimi tulifanya kazi pamoja kabla hajapewa ile maabara ya mpakani. Alinisalimia, akaniuliza habari za mgongo wangu, kisha, akiniita mzee kwa Kifaransa kama zamani, akasema:

— Vieux, mutoto wako alituma jina ya kolone ile anataka tununue. Iko ile ya fupi. Mutoto iko na akili, sikatae, lakini iko mutoto. Weye njo ulitumika na bile bintu miaka yote. Niambie: tutwae ile yake ao ingine? Kesho kutwa asubui ninatuma commande.

Nilimwambia nitampigia leo jioni. Sasa ni alasiri, jua bado liko juu ya ukuta wa jirani, na sijampigia. Ninaandika ili nijue nitamjibu nini.

Wewe unaelewa uzito wa jibu hilo kuliko mtu yeyote wa nyumba hii. Maabara yenu itaanza na kolone moja. Ikiharibika, nyingine itachukua miezi kufika, na miezi hiyo yote mahindi yatapita bila kupimwa. Ukungu unaoota kwenye mahindi yaliyolala na unyevu huacha ile sumu tunayoiita aflatoksini, ambayo haina ladha, haifi kwenye sufuria, na inakula ini la mtu polepole. Unga huo ndio tunaokula sisi sote hapa. Basi nikimwambia papa Ilunga achukue kolone ninayoitaka mimi, ile ndefu, pengine nitakuwa nimeilinda kazi yenu. Lakini kabla hujafungua hata mlango wa maabara, kila mtu mle ndani atakuwa anajua kwamba neno la Mujinga halitoshi mpaka baba yake alipigie muhuri. Nikimwambia achukue yako, na ikaziba mwezi wa kwanza, nitakuwa nimekaa kimya nikijua.

Nimekaa na swali hili tangu jana, na kama kawaida yangu, badala ya kulijibu nimeanza kushangaa mambo mengine.

Nimeshangaa kolone yenyewe. Ukiitazama, haina cha kutazama. Ni bomba la chuma, nene kama kidole, limejazwa unga mweupe wa silika. Shangazi yako mkubwa alipotembelea maabara yetu siku moja, nilimwekea mkononi. Aliigeuza, akaitikisa karibu na sikio, akaniuliza:

— Njo hii? Njo hii kintu unatuachaka nayo siku ya feti ya ndoa? Ju ya muchanga?

Sikuweza kukataa. Silika ni mchanga, ni kioo cha dirisha, na ni lile vumbi lililomkohoza babu yako miaka yote baada ya kutoka chini ya mgodi. Ya kwetu imetengenezwa kwa namna nyingine, punje ndogo za mviringo zenye vinyweleo, na haina ukali ule. Hata hivyo kila nikifungua boksi jipya humfikiria babu yako. Na Kiswahili cha vitabuni nacho kimeongeza mzaha wake, kwa maana humo silika ni tabia ambayo mtu amezaliwa nayo. Sijui nani aliyakutanisha maneno haya mawili, lakini kwenye kazi yetu yamepatana kweli. Silika ina silika yake. Inapenda maji, inavishika vitu vinavyopenda maji, na vile vya mafuta inaviacha vipite. Ukitaka ifanye kinyume, lazima uivishe. Unaifunga nyuzi za kaboni, atomu kumi na nane kila uzi, ndipo inaanza kuyakataa maji na kushika vile vya mafuta. Mchanga uleule, nguo tofauti.

Siku dereva wa lori atakapokuuliza mnafanya nini mle ndani, usimtolee Kifaransa cha chuo kikuu. Mwambie kolone ni Kasumbalesa. Malori yanaingia pamoja, lakini hayatoki pamoja. Huyu amebeba mzigo ambao watu wa forodha hawaujali, anapita. Yule anashikwa dirisha la kwanza, anashikwa la pili, anaambiwa subiri. Sisi tumekaa ng'ambo tunaangalia nani ametoka saa ngapi, na kwa saa yake ya kutoka tunamjua ni nani. Ataelewa haraka kuliko wanafunzi wangu wa mazoezi, kwa sababu yeye mwenyewe amelala kwenye foleni hiyo.

Na tuliyemngojea akitoka, taa ya urujuanimno inamfanya ang'ae buluu. Mara ya kwanza nilipoiona ile buluu nilisema kwa sauti kwamba ni nzuri, halafu nikaona haya, maana nilikuwa nasifu sumu. Bado ninaiona nzuri.

Sasa nikueleze nilivyochagua kolone yangu ya kwanza. Umesikia nusu ya kisa hiki, ile nusu ya kuchekesha ninayowasimulia wageni.

Mimi nilitoka maabara ya madini. Nilijua shaba, nilijua kobalti, na nilidhani kwamba mtu anayejua hivyo viwili hapa Katanga amemaliza shule. Nilipohamia kwenye chakula, mashine ilikuwa imeshafika bila kolone, nikaambiwa nichague. Katalogi ilikuwa na makundi mawili makubwa: phase normale na phase inverse. Nilisoma kidogo, nikaanza kuhisi kwamba kwa kazi yetu, ya maji na methanoli, tunahitaji inverse, yaani ile iliyovishwa. Lakini ningeagizaje kitu bila kumuuliza mkubwa wangu? Nilikwenda nyumbani kwa mzee aliyenifundisha kushika pipeti, mtu wa shaba tangu ujana wake, ambaye hajawahi kuiona mashine ya namna hiyo. Nilivaa shati safi. Nilimpelekea katalogi kwa mikono miwili, kama mtu anayepeleka habari za posa. Akavaa miwani, akayasoma maneno yale mawili, akanitazama kwa huruma.

— Mutoto, normale iko normale. Inverse, unataka kugeuza nini?

Na mimi, mwenye karatasi mfukoni zinazosema vingine, nikajibu:

— Ndiyo, papa.

Kumbe jina lile halisemi lolote juu ya kazi. Normale ilitangulia kuzaliwa tu, ikaitwa hivyo kwa sababu haikuwepo nyingine ya kulinganishwa nayo. Ile ya pili ilikuja nyuma, ikachukua karibu kazi zote, na jina la kugeuzwa likabaki limeiganda. Mpaka leo nikisikia mtu anasema kitu fulani ni cha kawaida, natamani kumuuliza kimekuwa cha kawaida tangu lini, na kwa nani.

Kolone ikafika, silika tupu, haijavishwa chochote. Nikatia unga wa kwanza: kilele kimoja cha mchoro, mwanzoni kabisa mwa karatasi ya mashine. Unga wa pili, kilele kimoja palepale. Wa tatu vilevile. Nilifurahi, Mujinga! Nilidhani ni alama ya mahindi yenyewe, na kwamba jiji lote linakula unga msafi. Mpaka siku nilipotia mchanganyiko wa sumu nne, safi kutoka kwenye chupa, ili kuipima mashine. Zikatoka zote nne zimeshikana mikono, kilele kimoja, palepale. Hakuna aliyeshikwa mpakani. Hakuna hata aliyeulizwa pasipoti.

Hiyo ndiyo nusu wanayocheka wageni. Nusu ya pili ni kwamba baada ya kujua, nilinyamaza wiki nyingi. Niliilaumu methanoli, nikailaumu pampu, nikailaumu courant, yaani umeme. Kusema kolone ni mbaya kwa kazi hii ilikuwa ni kumsema mzee, naye alikuwa amenipa ushauri wake kwa upendo kabisa, akaninywesha na chai. Wakati huo unga uliendelea kuingia sokoni na mimi sikuwa na la kusema juu yake. Nilipokwenda hatimaye kumweleza, alishangaa kwa nini nimehangaika. Akaniambia:

— Weye uliniuliza, nami nilijibu. Ungesema uko na karatasi mu mufuko, tungeisoma sisi wawili.

Yaani hakuwa amenilazimisha. Mimi ndiye niliyempelekea swali langu ili aniondolee, na yeye kwa wema akalipokea.

Kolone ile sikuitupa. Ilikuwa imekaa kwenye droo inaniangalia. Nikaanza kuichezea kwa heksani badala ya maji, nikaitilia mafuta ya mawese ya sokoni, na hapo ikanishika. Ile vitamini E ya mawese, ambayo nilidhani ni kitu kimoja, ikatoka mmoja mmoja kama ndugu wa nyumba moja wanaotoka kwenda shule, kila mmoja na saa yake. Kolone iliyovishwa ilikuwa ikiwachanganya baadhi yao, hii ya uchi ikawatenganisha. Nilibaki pale mpaka mlinzi akaja kuuliza kama nitalala. Kwa hiyo sikwambii kwamba kuna kolone mbaya. Ile ilikuwa nzuri, ila niliipeleka kwenye kesi isiyo yake.

Nikiwa bado kwenye majina: utakutana na madereva wa Tanzania. Watasoma cheti cha kipimo, wataona Mujinga imeandikwa chini yake, nao watacheka mpaka washike mbavu, kwamba mahindi yao yamekataliwa na mjinga. Najua, maana walimu wako wa Kiswahili walishaanza mchezo huo shuleni. Ulizaliwa kitovu kimekuzunguka shingoni, na kwetu Kasai mtoto wa namna hiyo huja na jina lake, hakuna anayelichagua. Mama yako alitaka kwenye karatasi tuandike Grâce peke yake. Mimi nilikataa, na sijui kama nilifanya vizuri, kwa sababu wewe ndiye uliyelibeba, si mimi. Ukiamua kutia Grâce kwenye cheti, sitauliza. Ukitia Mujinga, nitafurahi sana, na hilo nalisema wazi ili usije ukajifanya hukujua.

Turudi kwenye kolone. Leo, tulipotoka kanisani na kukaa mezani, nilikuuliza kana kwamba nauliza tu kupitisha wakati. Hukujua kwamba jibu lako lilikuwa na safari.

— Ju ya nini ulichagua ile ya fupi?

— Papa, kule courant inakatika kila mara. Na ile yako ya murefu, mbele échantillon moja ya unga iishe, courant imeenda. Tunaanza tena. Na malori iko inangoya.

— Kuko generator.

— Mafuta ya generator iko inaisha, papa.

— Na unga? Mahindi iko na mafuta mingi. Kolone yako itaziba.

— Itaziba kama tunatia bintu bichafu. Nitasafisha mbele. Na niliomba bile bikolone bidogo bya kutia mbele, byo njo bitapokea buchafu.

— Na kama hawabinunue?

Ulimega bukari, na mimi nikajisikia nimeshinda. Sikupenda kujisikia hivyo mbele ya mtoto wangu.

— Mwache kolone yenu, akasema mama yako, bukari iko inapola.

Lakini hukuacha. Ulichukua avoka iliyokuwa mezani, ukaipasua, ukanishikisha nusu yenye kokwa. Ukaniambia punje za kolone yangu ndefu ni nyama tupu, vinyweleo mpaka katikati, na sumu ikiingia humo inazama, inapotea njia, inachelewa kutoka. Za kwako zina kokwa gumu ndani na nyama nyembamba juu. Sumu inaingia, inagonga kokwa, inarudi. Ndiyo maana inatoka mapema na kilele chake ni chembamba, hata kwa pampu dhaifu kama ile ya mitumba mnayopelekewa. Mimi nilikuwa nimeyasoma hayo yote, Mujinga. Nimeyasoma kwa Kifaransa, na nimeyapigia mstari. Ila hakuna aliyewahi kuniwekea mkononi. Halafu wadogo zako wakala mfano wako kwa chumvi, na maelezo yakaishia hapo.

Sasa nikupe upande wangu, kwa haki. Kolone yangu ni ndefu kama mkono wangu kuanzia kiwiko mpaka kwenye kifundo. Ni ya polepole. Lakini inasamehe. Ukisafisha unga vibaya, inakuvumilia. Msaidizi wako akikosea kipimo cha methanoli, vilele vinasogea kidogo tu na bado unavitambua. Nimeifanyia mambo ambayo ningeona aibu kuyaandika hapa, na kesho yake ilifanya kazi. Ninaipenda kwa sababu imenifunika mara nyingi. Na ninajua kwamba siku za kwanza mahali pageni mtu hukosea zaidi, naye huhitaji kitu kinachomvumilia. Ninapowazia wewe umesimama peke yako mbele ya kolone iliyoziba, na nje foleni ya malori, na wenye mali wanapiga kelele, natamani kupanda basi pamoja nawe. Ninakuogopea. Si kwamba sina imani nawe. Ninakuogopea tu, kama nilivyokuogopea ulipopanda pikipiki ya kwanza bila kuniambia.

Kwa hiyo hii ndiyo hali. Sina uhakika kwamba umekosea, wala kwamba umepatia. Courant ya kule naijua kwa kusikia, wewe umeenda kuiona. Mafuta ya mahindi nayajua mimi, wewe umeyasoma. Mtu angeniwekea kisu shingoni, ningeagiza ndefu.

Ngoja. Nasimamisha kalamu hapa, nampigia.

Nimerudi. Nakuandikia kama yalivyosemwa, nisije kuyapamba.

— Vieux, nilikuwa nangoya. Unasema aje?

— Mwenyewe alisema nini?

— Fupi.

— Basi tuma ile fupi. Na bile bikolone bidogo bya mbele aliomba, usibikate. Byo biende pamoja.

— Kwa hiyo weye pia unaona fupi njo muzuri?

Hapo ulimi wangu ulikuwa tayari kudanganya, ili maneno yakae vizuri. Sikudanganya.

— Hapana. Mi ningetwaa murefu.

Nilisikia redio nyumbani kwake.

— Sasa sikuelewe, vieux. Weye unasema murefu, na unaniambia nitume fupi?

— Haiko mi njo nitasimama mbele ya ile mashine. Iko yeye.

— Na kama inaziba?

— Itaziba mu mikono yake. Muulize yeye ju ya nini imeziba, usinipigie miye. Na kama inatumika muzuri, pia muulize yeye.

Akacheka, akasema sawa, akasema kumbe nimezeeka. Ameandika yako.

Basi sasa unajua, na umejua kutoka kwangu, si kwa maneno ya pembeni mle maabarani. Ikiziba, usinipigie kuniambia kwamba baba alikuwa na haki, sitaki kusikia hivyo. Nipigie uniambie ulichokiona: mgandamizo ulipanda ghafla au polepole, kilele kilinenepa au kilipasuka viwili, ulikuwa unga wa nani. Hilo nitalisikiliza hata kama nakula. Na ikifanya kazi vizuri mwaka mzima, nipigie pia, maana nitataka kujua kwa nini, na nitakuwa na maswali mengi.

Nilipoweka simu chini nilikuona dirishani. Ulikuwa uani, umefunga kitenge kiunoni, unaanua nguo zako kwenye kamba na kubishana na mdogo wako juu ya soksi. Nilitaka kukuita nikuambie. Badala yake nilichukua kalamu, nikakaa hapa kama mgeni. Mwanangu, kuagana kwetu kulikuwa saa ile. Ulikuwa bado unakunja nguo, lakini kwangu ulikuwa umeshaondoka nyumbani, na basi la kesho litakuja kuchukua mizigo tu.

Mimi baba yako, ambaye bado angeagiza ile ndefu.